Kinyozi wa Natchez (2): Duka, Daftari na Mpaka wa Shamba

Juma lililopita tuliishia mwaka 1820, bunge la Mississippi liliporidhia mtoto wa miaka 11, William Johnson, aachwe huru. Mama yake, Amy, alikwisha kuachwa huru mwaka 1814. Aliyemwombea mtoto uhuru ni bwana wao, mzungu mwenye jina hilohilo, na wanahistoria wengi wanaamini ndiye aliyemzaa.

Kazi ya kinyozi mtoto huyo alifundishwa na shemeji yake, James Miller, mume wa dada yake Adelia. Mwaka 1830 Miller alimwuzia duka lake la kinyozi mjini Natchez kwa dola 300. Wateja walikuwa wazungu. Mtu akiegemea kitini, povu kidevuni, husema mengi, na Johnson alikuwa msikilizaji. Mwaka 1835 alimwoa Ann Battles, naye mtu aliyeachwa huru, na mwaka huohuo akaanza kuandika shajara: nani kalipa deni, nani kapigana barabarani, farasi gani kashinda. Aliiandika hadi mwisho wa maisha yake. Watu weusi huru wa Kusini mwa Marekani walioacha maandishi marefu kiasi hicho ni wachache mno.

Biashara ilikua. Alikopesha fedha hata wazungu, akanunua shamba, akajenga nyumba ya matofali baada ya kimbunga cha Mei 1840 kuubomoa mji. Hata hivyo, mwaka 1841 watu weusi huru wa Natchez walitakiwa kutafuta saini za wazungu wa kuwadhamini, la sivyo wafukuzwe jimboni. Johnson alihangaika kuwatafutia wenzake saini hizo.

Na huyuhuyu alimiliki watumwa. Hapa ni pagumu, wala hatuna ruhusa ya kupapita mbio. Mmoja wao, Steven, alikuwa mlevi na mtoro. Johnson alimchapa, akamsamehe, akamchapa tena, mwishowe akamwuza. Shajara inaonyesha kwamba kuachana naye kulimuuma sana. Uchungu wake naukubali, lakini aliyepelekwa kwa bwana mpya ni Steven, na yeye hakuachiwa daftari la kuandika lake.

Juni 1851, baada ya mgogoro wa mpaka na jirani yake Baylor Winn, Johnson alipigwa risasi akirudi kutoka shambani. Kabla ya kukata roho alimtaja Winn. Walioshuhudia walikuwa weusi, na sheria ya Mississippi haikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Winn, ambaye majirani walimjua kuwa chotara, alidai ana damu ya kizungu na ya Kihindi Mwekundu tu, na dai hilo likawafunga mashahidi mdomo. Alikaa rumande kama miaka 2, akapandishwa kizimbani zaidi ya mara moja, kisha akaachiwa.

Ann alibaki na watoto, madeni ya kudai, na maduka yaliyohitaji msimamizi. Juma lijalo tutaona alivyoyaendesha hadi alipofariki mwaka 1866, na jinsi familia ilivyozitunza daftari za marehemu hadi zilipochapishwa mwaka 1951.