Barua Ziwezazo Kufufua Mchezo

Katika kichochoro cha Kikuubo, katikati ya jiji la Kampala, biashara huanza mapema na sauti huwa nyingi. Jina lenyewe kwa Kiganda maana yake ni njia nyembamba, na katika wembamba huo hupita sukari, sabuni, chumvi, mchele, mafuta ya kupikia na biskuti ziendazo kwenye maduka ya Uganda na hata kuvuka mipaka hadi Sudan Kusini na Kongo. Wachukuzi hupita na mizigo kichwani wakiomba njia, wanunuzi huhesabu maboksi, na nyuma ya kaunta redio husema tangu mlango ufunguliwapo hadi ufungwapo. Burudani hiyo haimpunguzii mtu kazi, lakini humsahaulisha uzito wa siku.

Kwa hiyo, kipindi kipendwacho kikikatika ghafla, pengo lake huonekana. Watu hulalamika siku mbili tatu, kila mmoja dukani kwake, kisha hunyamaza. Wengi huamini kwamba mambo ya redio, televisheni na filamu huamuliwa na wakubwa walioketi maofisini, na kwamba kazi ya msikilizaji ni kupokea tu kile apewacho. Je, imani hiyo ni ya kweli? Mifano iliyopo, ya mbali na ya karibu, yaonyesha kwamba si ya kweli daima. Mara kadhaa barua za watu wa kawaida zimefufua kazi ya sanaa ambayo wenyewe walikwisha kuizika.

BIDHAA HUFUATA ULIZO

Mfanyabiashara wa Kikuubo anaijua siri hii kuliko mtu mwingine. Mteja mmoja akiulizia sabuni isiyokuwapo, huambiwa kwamba haipo, na mambo huishia hapo. Wakiulizia wateja ishirini katika wiki moja, mwenye duka huagiza maboksi. Wakiulizia mia, huagiza lori. Bidhaa hufuata ulizo.

Burudani nayo ni bidhaa, ila ina tofauti moja kubwa. Mwenye duka humwona mteja wake uso kwa uso, bali mtengenezaji wa mchezo wa redio au filamu hamwoni anayecheka wala anayelia. Asipoambiwa, hana njia ya kujua. Barua ndiyo ulizo la mteja asiyeonekana.

MPELELEZI ALIYERUDI KUTOKA MAUTINI

Mfano wa kale unaojulikana sana ni wa mwandishi Arthur Conan Doyle wa Uingereza. Alitunga hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, zikapendwa mno na wasomaji wa gazeti la *The Strand*. Lakini mwandishi mwenyewe alichoka naye, na mnamo Desemba 1893 alichapisha hadithi ambayo ndani yake Holmes alielekea kufa kwa kuanguka katika maporomoko ya maji huko Uswisi.

Wasomaji walikasirika. Husimuliwa kwamba zaidi ya watu 20,000 waliacha kulinunua gazeti hilo, na barua za lawama zikamiminika kwa mhariri na kwa mwandishi. Conan Doyle alishikilia uamuzi wake kwa miaka mingi. Mwaka 1901 alikubali kuandika kisa kingine cha Holmes, ila kisa kilichotukia kabla ya kifo chake. Hatimaye, mwaka 1903, alimrudisha akiwa hai, akaeleza kwamba hakuwa ameanguka kamwe. Miaka kumi ilipita, lakini wasomaji walimpata mtu wao.

CHOMBO CHA ANGA NA MAGUNIA YA BARUA

Mfano mkubwa zaidi ulitokea Marekani, nao una uhusiano na lugha ya Kiswahili. Mnamo Septemba 1966 shirika la televisheni la NBC lilianza kuonyesha mfululizo wa michezo ulioitwa *Star Trek*, uliobuniwa na Gene Roddenberry. Mchezo ulihusu safari za chombo cha anga kiitwacho Enterprise, ambacho mabaharia wake walikuwa watu wa mataifa mbalimbali wakifanya kazi pamoja. Afisa wa mawasiliano katika chombo hicho alikuwa mwanamke wa Kiafrika aliyeitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu "uhuru". Mwigizaji wake alikuwa Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi. Alipotaka kuacha kazi hiyo baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King alimsihi abaki, kwa kuwa watu weusi walihitaji kujiona katika nafasi ya heshima.

Hata hivyo, hesabu za watazamaji hazikulifurahisha shirika. Vituo vya Marekani huishi kwa fedha za matangazo ya biashara, na mchezo usiovuta watu wengi hukatwa bila huruma. Mwishoni mwa mwaka 1967 habari zilienea kwamba *Star Trek* ungesimamishwa baada ya msimu wa pili. Hapo ndipo mama mmoja wa California, Bjo Trimble, na mumewe John walipoamua kutonyamaza.

Watu hawa hawakuwa na cheo wala mali. Walichokuwa nacho ni orodha za majina ya wapenzi wa hadithi za namna hiyo, stempu, na utaratibu mzuri. Walimwomba kila mtu aandike barua yake mwenyewe, kisha awaombe watu kumi waandike, na kila mmoja wa hao kumi awaombe wengine kumi. Waliwaelekeza waandike kwa adabu na kwa maneno yao wenyewe, wala wasinakili barua moja iliyotungwa na mwingine, kwani barua mia zinazofanana huhesabiwa kama sauti ya mtu mmoja. Walisisitiza pia usafi wa mwandiko na anwani sahihi ya mwenye uamuzi. Roddenberry mwenyewe aliwaunga mkono chini kwa chini. Mnamo Januari 1968 wanafunzi waliandamana usiku hadi ofisi za NBC huko Burbank.

Shirika lilipokea barua zaidi ya 100,000. Wakuu waligundua kwamba miongoni mwa walioandika walikuwamo madaktari, walimu wa vyuo na wanasayansi, watu ambao wenye kulipia matangazo wangependa kuwafikia. Usiku wa tarehe 1 Machi 1968, mara baada ya mchezo kwisha, NBC ilitangaza hewani kwamba mfululizo ungeendelea, na ikawaomba watazamaji waache kuandika.

USHINDI ULIOKUWA NA KASORO

Msomaji asidhani kwamba mambo yaliishia hapo kwa furaha. Msimu wa tatu ulipewa fedha pungufu na kupangwa usiku wa Ijumaa, saa nne, wakati vijana wengi wako nje. Watazamaji walipungua, na mchezo wa mwisho ulionyeshwa Juni 1969.

Lakini barua zilikuwa zimefanya kazi kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Msimu ule wa tatu uliongeza idadi ya michezo, ikawa ya kutosha kuuziwa vituo vidogo ili irudiwe tena na tena. Katika marudio hayo kizazi kipya kikaupenda. Mwaka 1976 wapenzi waliandika tena kwa maelfu, safari hii kwa Rais Gerald Ford, na chombo cha kwanza cha anga cha aina ya "shuttle" kikapewa jina la Enterprise. Mnamo Desemba 1979 filamu ya kwanza ya *Star Trek* ilitoka, na nyingine zikafuata. Barua za mwaka 1968 zilimwongezea mgonjwa maisha ya mwaka mmoja tu, lakini mwaka huo ndio uliomwezesha kupona.

YALIYOTUKIA KARIBU NA NYUMBANI

Wakazi wa Kampala wanaijua ladha ya kukosa. Mnamo Septemba 2009, wakati wa ghasia zilizotokea Buganda, serikali ilizima vituo kadhaa vya redio, kikiwamo CBS, kituo cha Buganda chenye mashindano ya Entanda yanayopima ujuzi wa lugha na mila. CBS haikurudi hewani hadi Oktoba 2010. Mgogoro huo ulikuwa wa kisiasa, nao ulimalizwa kwa mazungumzo. Hata hivyo, kwa mwenye duka na mkewe, kwa mama auzaye chakula na kwa mchukuzi apumzikaye kivulini, ulikuwa pia mwaka mzima na zaidi bila sauti waliyoizoea.

Mfano wa Wakaliga, mtaa wa Kampala, hufundisha jambo jingine. Huko Isaac Nabwana hutengeneza filamu za mapigano kwa fedha kidogo sana, na filamu yake *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 imetazamwa duniani kote. Lakini nakala ya awali haipo tena. Kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, ikabidi filamu ifutwe ili kazi nyingine iendelee. Kilichosalia ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie, yule msimulizi anayechekesha juu ya picha. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba watu wengi wangeitaka. Mwaka 2015, Nabwana alipoomba dola 160 kwa njia ya intaneti ili atengeneze filamu nyingine, wapenzi walimchangia zaidi ya dola 13,000. Laiti ulizo hilo lingefika mapema, huenda nakala ya awali ingehifadhiwa.

Wala kuandika si ugeni katika Afrika Mashariki. Wasikilizaji wa Kenya na Tanzania walinunua kadi za salamu, wakazijaza majina ya ndugu na marafiki, wakazipeleka redioni; wakaunda hata vyama vya wasalimiaji. Watu walioweza kujipanga kwa ajili ya salamu wanaweza kujipanga kwa ajili ya mchezo waupendao.

NAMNA YA KUANDIKA

Wenye kutaka kipindi, mchezo wa kuigiza au bendi yao irudi, wafuate mambo haya machache.

Kwanza, wajue mwenye uamuzi. Mtangazaji asikiwaye hewani aghalabu si yeye aliyekata kipindi. Barua iende kwa meneja wa vipindi au mkurugenzi, kwa jina la cheo chake.

Pili, kila mtu aandike kwa maneno yake. Aeleze yeye ni nani, anafanya kazi gani, husikiliza saa ngapi, na kipindi kilimfaa nini yeye na watoto wake. Barua fupi ya kweli hushinda risala ndefu ya kuazima.

Tatu, waache matusi na vitisho. Anayetukanwa huitupa barua pasipo kuisoma.

Nne, wataje faida. Kipindi chahitaji fedha. Wenye maduka wakisema kwamba wako tayari kulipia matangazo ndani yake, wakubwa watakuwa na sababu ya kusikiliza.

Tano, waandike wengi katika majuma yale yale, kwani barua kumi zilizofika kwa mwaka mzima hazionekani, bali mia zilizofika kwa mwezi mmoja hujaza meza.

Sita, wasisahau kushukuru. Si lazima kungoja kipindi kife ndipo mtu aandike. Msanii apataye barua ya shukrani leo ana hoja ya kuwaonyesha wakubwa kesho, watakapofikiria kumkata.

Si kila barua itakayojibiwa, wala si kila mchezo utakaorudi. Waigizaji huzeeka, fedha hukosekana, na mengine huisha kwa sababu wakati wake umekwisha. Lakini sanaa nyingi za kwetu hufa pasipo mtu yeyote kujua kama zilipendwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kipimo hicho watu wa Kikuubo wanakijua vizuri kwa mchele na kwa maharage. Kwa barua ni vivyo hivyo.