Mshtuko wa Moyo Sumbawanga, Mtambo Dar es Salaam

Mshtuko wa moyo huanza pale donge la damu linapoziba mshipa unaolisha misuli ya moyo. Misuli ikikosa damu hufa, na iliyokufa haioti tena. Tiba bora ni kuuzibua mshipa kwa mrija mwembamba unaopitishwa mkononi au pajani, ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inaifanya kazi hiyo. Mgonjwa wa Sumbawanga yuko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara.

Umbali huo unaua, ila wengi hupotea hata kabla ya safari. Mjini Moshi, watafiti waliwapima watu waliofika hospitali ya rufaa wakilalamikia maumivu ya kifua au kubanwa pumzi. Wagonjwa 152 walikutwa na mshtuko wa moyo. Madaktari wa zamu walikuwa wameutambua kwa watano tu. Ndani ya siku 30, zaidi ya 40 katika kila 100 walifariki. Ni rahisi mno kuyaita maumivu hayo vidonda vya tumbo au nimonia.

Kinachotakiwa kwanza ni kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Muuguzi anabandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, karatasi inatoka, daktari anatazama kama mstari umenyanyuka pasipostahili. Kikiwa safi na maumivu yanaendelea, kirudiwe.

Kisha dawa. Mwaka 1988, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 17,000 ulionyesha kuwa aspirini pamoja na streptokinase, dawa ya kuyeyusha donge, zilipunguza vifo kwa takriban asilimia 42. Hakuna hata moja kati ya dawa hizo inayohitaji chumba cha upasuaji. Jimbo la Tamil Nadu, India, liliunganisha hospitali ndogo na kubwa kwa mtindo huo: yeyusha donge huku, kisha msafirishe. Vifo vya mwaka mmoja vilishuka kutoka asilimia 17.6 hadi 14.2.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mtambo mwingine wa kuzibulia mishipa jijini, hospitali za wilaya zipewe kipimo, dawa na mtu anayejua kuvitumia.

Nawe msomaji, kifua kikibana, maumivu yakashuka mkononi au yakapanda tayani, jasho likikutoka, usingoje kukuche. Nenda hospitali, na uombe kupimwa moyo.