Laft, kijiji cha minara ya upepo

Laft ni kijiji cha wavuvi na mabaharia katika pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Qeshm, mkoa wa Hormozgan, kusini mwa Iran. Nyumba zimepangwa kwenye mteremko wa kilima, zikishuka hadi ukingoni mwa maji, na mbele yake umelala mlango bahari wa Khuran unaotenga kisiwa na bara. Qeshm ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ghuba ya Uajemi, chenye eneo linalokaribia kilomita za mraba 1,500, ila sehemu kubwa ni mawe makavu, mabonde yaliyomomonyoka na milima ya chumvi. Katika nchi ya namna hiyo, kijiji husimama pale tu panapopatikana maji ya kunywa na upepo wa kupumzisha mwili.

Mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 200, nayo hunyesha majira ya baridi kwa vishindo vichache. Juu ya kijiji kuna bonde dogo ambamo wazee wa zamani walichimba visima karibu karibu. Mapokeo yanavihesabu 366, kimoja kwa kila siku ya mwaka mrefu, ingawa vilivyobaki leo havifikii idadi hiyo. Maji yanayoteremka kutoka vilimani hujikusanya bondeni na kuingia visimani, yakahifadhiwa mbali na jua. Yapo pia mabirika yaliyofunikwa kwa kuba nyeupe, ambayo kivuli chake hupunguza maji yanayopotea kwa kuwa mvuke.

Mlango bahari wenyewe ni mwembamba na una mafungu mengi. Mwaka 1809 manowari za Uingereza, zikipigana na Qawasim, kabila la mabaharia wa Ghuba, ziliingia humo kuishambulia ngome ya Laft. Wakati wa bamvua maji hupanda kwa zaidi ya mita 3, na yakitoka huacha tope pana lenye msitu wa mikoko ambao wenyeji huuita hara. Karibu msitu wote ni wa mti mmoja, mchu, uleule unaoota Lamu na Rufiji. Jina la kisayansi la jamii ya mti huo, Avicennia, lilitolewa kumkumbuka Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyeandika kwa Kiarabu na Kiajemi. Wenyeji hukata majani ya mchu kulisha mifugo, na samaki na kamba hukulia kwenye mizizi yake. Tangu mwaka 1975 mlango bahari wa Khuran umo katika orodha ya ardhioevu za kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini katika mji wa Iran wenye jina hilo.

Kinachoitambulisha Laft kwa mbali, hata hivyo, ni minara ya mraba inayochomoza juu ya mapaa, yaani badgir. Kiangazi cha Ghuba hupita nyuzijoto 40, na hewa ya pwani imeshiba unyevu. Mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho: kila gramu ya jasho inayogeuka mvuke huondoka na joto la takriban jouli 2,400. Lakini hewa iliyogusana na ngozi ikishajaa mvuke, jasho hutiririka tu bila kukauka, na mtu huungua akiwa amelowa. Dawa yake ni kuiondoa hewa hiyo na kuleta nyingine, tena bila kukoma. Hiyo ndiyo kazi ya mnara.

Baharia wa Laft anaielewa kazi hiyo kupitia tanga. Tanga likishika upepo, upande wa joshini, unaokabili upepo, hewa hujisukuma na kanieneo hupanda. Upande wa demani, uliokingwa na upepo, hewa hujitenga na kanieneo hushuka. Jahazi husukumwa na kuvutwa kwa wakati mmoja. Badgir ni tanga lililojengwa kwa mawe na chokaa. Kwa kuwa haliwezi kwenda popote, nguvu ileile huipitisha hewa ndani ya mwili wake: uso wa joshini huipokea na kuishusha chumbani, na nyuso za demani huinyonya hewa iliyochoka na kuitoa nje. Nahodha hugeuza foromali, mti wa tanga, upepo ukigeuka, lakini mnara haugeuki, kwa hiyo mjenzi huupa nyuso nne na kuugawa ndani kwa kuta mbili zinazokatana. Njia iliyokuwa ya kuingilia mchana, upepo ukivuma kutoka baharini, huweza kuwa ya kutokea usiku ukivuma kutoka nchi kavu. Hakuna kamba ya kuvuta wala mtu wa kuamka kuigeuza.

Nguvu inayotumika ni ndogo mno. Upepo wa mita 5 kwa sekunde huzalisha kanieneo la ziada la paskali 15 hivi, wakati kanieneo la kawaida la hewa ni karibu paskali 100,000. Lakini kasi ikiongezeka maradufu, kanieneo hilo huongezeka mara nne, na juu ya mapaa upepo una kasi kuliko uchochoroni. Ndiyo sababu mnara hupandishwa. Mteremko nao unasaidia: nyumba ya juu huchungulia juu ya paa la nyumba ya chini, isiibiwe upepo wake.

Badgir za Yazd, mji wa jangwani katikati ya Iran, ni ndefu kupindukia, na hewa yake mara nyingi hupitishwa juu ya maji ili ipoe zaidi. Laft, ambako hewa tayari imejaa unyevu, maji chini ya mnara yangezidisha adha, hivyo minara ni mifupi yenye midomo mipana, na kazi yake ni mwendo wa hewa peke yake. Siku isiyo na upepo minara hufanya kazi kidogo.

Nyumba zilizo chini ya minara hiyo zilihitaji boriti, lakini mchu wa Khuran ni mfupi na umepinda, haufai kuezekea. Boriti za nyumba za kale za Ghuba zilitoka mbali: majahazi yaliondoka kwa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki mkavu, yakarudi kwa kusi na shehena ya mikoko ya Lamu na Rufiji. Upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti, yapata mita 3.

Majahazi ya namna hiyo huitwa lenj. Ufundi wa kuyaunda na kuyaendesha uliingizwa na UNESCO mwaka 2011 katika orodha ya urithi unaohitaji kunusuriwa haraka, kwa kuwa boti za faibaglasi ni nafuu na zinaundwa upesi. Siku hizi feri huvusha magari kati ya Laft na Bandar-e Pol upande wa bara, na nyumba nyingi zina viyoyozi.