Je, Wajua? Sufuria Ndiyo Inayouamsha Mji

Je, wajua kwamba bustani ya Forodhani, Unguja, ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub? Sherehe zimesahaulika, kinachowaita watu leo ni mishkaki. Mchana utakuta kivuli, viti na vijana wakijirusha baharini kwa mtindo wa makachu. Jua likishatua, meza zinapangwa, taa zinawashwa, miwa inakamuliwa kwa ndimu na tangawizi, na bustani inageuka sebule ya mji mzima. Hakuna kiingilio. Mwenye bakuli la urojo anakaa sawa na mgeni aliyeshuka hotelini.

Je, wajua kwamba pizza ya Zanzibar imeazima jina tu kwa Waitaliano? Ni chapati nyembamba inayokunjwa juu ya nyama ya kusaga, kitunguu na yai, kisha inakaangwa kwenye chuma. Ndugu yake wa karibu ni mutabbaq ya Yemen. Wapo wanaotia ndizi na chokoleti. Hiyo nawaachia wenyewe.

Je, wajua kwamba muuza chipsi ni mlinzi asiyelipwa? Mwandishi Jane Jacobs alieleza mwaka 1961, akiitazama miji ya Marekani, kwamba mtaa hulindwa kwanza na macho ya watu walio kwenye shughuli zao. Maduka ya Dar es Salaam yakifunga milango jioni, barazani anabaki mkaanga zege, yaani chipsi mayai: ana taa, ana benchi, na anamjua nani wa mtaani na nani mpita njia. Muondoe, kona hiyo hiyo utaipita mbio.

Mombasa nako, jioni watu huteremka ufukweni Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili, huku wakitazama meli zikiingia Kilindini.

Je, wajua kwamba Singapore iliwatoa wachuuzi wake barabarani bila kuwafuta mjini? Iliwajengea masoko ya chakula yenye maji, mifereji na meza za pamoja, na mwaka 2020 utamaduni huo ukaingia kwenye orodha ya UNESCO. Forodhani nayo, ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture uliokamilika mwaka 2009 ulitengeneza ukuta wa bahari na taa, na wauza chakula wakatengewa sehemu yao. Hapo ndipo manispaa nyingi zinapokosea: zinapanda nyasi, zinaweka uzio, halafu zinamfukuza mama ntilie, kisha zinashangaa kwa nini bustani haina watu. Bomba la maji, taa na pipa la taka vingetosha kuanzia.

Ukifika Forodhani, angalia meza yenye foleni ya wenyeji, na uliza bei kabla hujachagua pweza.