Pini Moja kwa Kila Kijiji

Wanangu, mvua ikinyesha usiku na bati likavuja, mwenye nyumba hapandi juu ya paa gizani kutafuta tundu. Anategesha sufuria, anasubiri kukuche. Asubuhi anatazama sakafu: hapa pamelowa, pale pakavu. Sakafu ndiyo inayomwambia aanzie wapi. Shikeni hilo, maana hadithi yangu, nayo ni ya kweli, inahusu mtu aliyetazama sakafu ya Afrika nzima.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa wodini kumwona mvulana wa miaka 5 hivi. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa ameona kitu kama hicho. Baada ya wiki chache alikuwa Jinja, akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine ameketi kwenye nyasi na mama yake, mwenye uvimbe uleule. Mara moja huenda ikawa bahati mbaya. Lakini mara ya pili?

Ilikuwa saratani, yaani ugonjwa wa chembe za mwili zinazozaana bila kujua kukoma. Na hii ilikua upesi mno. Madaktari wengi wangeuliza, "Nini hiki?" Burkitt aliuliza na swali jingine: "Kiko wapi?"

Kwa msaada mdogo wa pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha za uvimbe ule, akavituma hospitali za pembe nyingi za Afrika. Je, mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Majibu yakaja kwa posta. Kila alipoambiwa "ndiyo", alichoma pini kwenye ramani ukutani. Pini zikaongezeka, na umbo likajitokeza: ukanda mpana uliolikata bara katikati, pande zote mbili za ikweta, wenye mkia ulioshuka mashariki hadi Msumbiji.

Lakini kwa nini ukanda huo uishie pale ulipoishia? Oktoba 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu, wakashika njia ya kusini kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini. Walisafiri wiki 10, kama kilomita 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lilelile.

Karibu na ikweta, uvimbe haukuonekana kwa watoto wa milimani, juu ya mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo nao ukawa unashuka. Basi haikuwa milima yenyewe, bali baridi. Ugonjwa ulipenda mahali penye joto na mvua. Na nani mwingine anapenda joto na mvua? Mbu!

Wengi wakadhani mbu hubeba kirusi cha saratani hiyo. Hapa kumbukeni lile bati. Wakati mwingine maji huingia pembeni, yakateleza juu ya boriti, yakadondoka mbali na tundu. Kirusi kweli kilipatikana: mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona katika chembe za uvimbe zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ila hakiletwi na mbu. Huenea kwa mate, na watu wengi duniani wanacho bila kuugua. Mbu alikuwa na kosa jingine: huleta malaria, na malaria ya mara kwa mara huivuruga kinga ya mtoto hadi kirusi kikapata nafasi. Ramani haikusema uongo. Ilisema tu, "Tafuteni upande huu."

Na haikuishia kwenye kujua. Burkitt na wenzake waligundua kwamba dawa zinaweza kuuyeyusha uvimbe ule, na watoto wakapona. Mwaka 1967 pakafunguliwa Mulago kituo cha kuwatibu, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mtoto anayewahishwa hospitali ana tumaini kubwa.

Siku hizi pini zimehamia kwenye kompyuta, lakini swali ni lilelile. Wataalamu hupanga wagonjwa kwa mahali wanapoishi, ili wajue wapi pa kuchunguza maji, moshi au magonjwa mengine, na wapi matibabu yapelekwe kwanza.

Kwa hiyo siku muuguzi akikuuliza, "Unatoka kijiji gani?" usijibu kwa kuguna, wala usitaje mji mkubwa ulio karibu kwa sababu ndio unaojulikana. Taja kijiji chako sawasawa. Hujui ni mtoto gani, ambaye hata hajazaliwa, atakayepona kwa sababu pini yako ilichomwa mahali pake.