Kompyuta Nyingi, Maandalizi Mamoja: Linux katika Vituo vya Afya

Nyakahura, wilayani Biharamulo mkoani Kagera, ipo kwenye barabara kuu iendayo mpakani Rusumo, mbali na Bukoba, makao makuu ya mkoa. Kompyuta ya mapokezi inapoharibika katika kituo cha afya cha mahali kama hapo, swali la mgonjwa huwa moja: je, kumbukumbu za matibabu yangu zitapatikana kesho? Jibu hutegemea sana namna mashine ilivyoandaliwa tangu mwanzo.

Linux ni mfumo endeshi huria ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Msimamizi anaruhusiwa kuurekebisha na kuusambaza bila kulipia leseni ya kila kompyuta. Nchini Kenya, KenyaEMR, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa katika mamia ya vituo, huendeshwa kwenye Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux.

Kusakinisha mashine mojamoja kwa mkono huchosha, tena huzaa tofauti. Moja huwa na saa isiyo sahihi, nyingine haichapishi, ya tatu haitunzi nakala rudufu. Tarehe ya dozi iliyoandikwa na kompyuta yenye saa mbovu yaweza kumpotosha tabibu.

Tiba yake ni faili la majibu. Msimamizi huandika mara moja majibu ya maswali yote ya usakinishaji: lugha, majira ya saa, mgawanyo wa diski na programu zinazohitajika. Kisha kila kompyuta huwashwa kwa kutumia flashi au mtandao wa ndani wa kituo, ikajisakinisha yenyewe. Programu zikihifadhiwa kituoni, hata intaneti haihitajiki. FAI, zana iliyoanzishwa mwaka 1999 na Thomas Lange wa Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, hufanya kazi hiyo kwa mashine chache au mamia.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Usakinishaji mpya kwa kawaida hufuta diski. Hivyo nakala rudufu ihakikiwe kwanza kwa kuifungua, si kwa kuamini kwamba ipo. Faili lijaribiwe kwenye mashine moja, kwa maana kosa lililomo nalo litaenea kote. Nywila zisiandikwe waziwazi ndani yake. Taarifa za wagonjwa zisichanganywe na flashi ya usakinishaji, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka zilindwe.

Mhudumu wa afya hahitaji kuwa fundi. Inatosha amuulize msimamizi mambo matatu: nakala rudufu ipo wapi, ilijaribiwa lini, na nani kituoni anajua kutumia flashi ya usakinishaji. Majibu yakiwapo, mashine iliyokufa asubuhi yaweza kupata mbadala siku hiyohiyo, naye mgonjwa asilazimike kusimulia upya historia yake yote.