Kupima Sukari kwa Mwenye Kisukari: Saa Gani na Mara Ngapi

Mtu anayegunduliwa kuwa na kisukari hupewa dawa, hupewa maelezo ya vyakula, na huagizwa apime sukari mara kwa mara, ila ni nadra aelezwe kuwa hiyo mara kwa mara ni lini hasa. Matokeo yake wengi hupimwa asubuhi ya siku ya kliniki tu, tena baada ya kujinyima wali na chai ya sukari kwa siku mbili tatu, hivyo namba hutoka nzuri, dawa huandikwa zile zile, na mwezi mzima uliotangulia haujulikani ulikwendaje. Kabla ya kuuliza mara ngapi, inafaa kuuliza kila kipimo kinatafuta jibu la swali gani, kwa kuwa stripu chache zilizotumiwa kwa saa zinazofaa hueleza mengi kuliko nyingi zilizotumiwa ovyo.

Sukari inayopimwa ni glukosi, ambayo hupanda na kushuka mchana kutwa kufuatana na chakula, kazi, usingizi, maradhi na hata wasiwasi. Katika kisukari cha aina ya kwanza kongosho limeacha kutengeneza insulini, yaani homoni inayoiwezesha glukosi kutoka kwenye damu na kuingia katika seli, na katika aina ya pili insulini ipo lakini haitoshi au mwili hauiitikii ipasavyo. Mashine nyingi za Afrika Mashariki husoma kwa milimoli kwa lita. Zile zinazosoma kwa miligramu kwa desilita hutoa namba kubwa, ambayo hugawanywa kwa 18 ili zilingane. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, wasio wajawazito, Chama cha Kisukari cha Marekani kinapendekeza milimoli 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10.0 saa moja hadi mbili tangu mlo uanze, ingawa mzee, au mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara, hupangiwa kiwango kilicholegezwa.

Kipimo cha asubuhi, kabla ya kula wala kunywa kitu chenye sukari, huonyesha ini limetoa glukosi kiasi gani usiku na dawa imeizuia kwa kadiri gani, kwa hiyo ndicho kinachomfaa zaidi mgonjwa anayechoma insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu ugali wa mchana. Kwa swali la chakula vinahitajika vipimo viwili vinavyokwenda pamoja, kimoja kabla ya mlo na kingine saa mbili baada ya kuanza kula, na hapa ndipo mgonjwa mwenyewe hujifunza mambo ambayo hakuna karatasi ya kliniki inayoweza kumfundisha. Kwa mfano, mwenye stripu nne anaweza kupima kabla ya sahani yake ya kawaida ya ugali akapata 6.8, kisha saa mbili baadaye akapata 13.1, kesho yake akapunguza ugali nusu, akaongeza mchicha na dagaa, akapima tena na kuona 7.0 ikifuatwa na 9.4. Hajaambiwa aache ugali. Ameuona mwili wake ukijibu, na anajua kiasi anachoweza kula.

Idadi ya vipimo hutegemea zaidi aina ya matibabu. Anayechoma insulini mara kadhaa kwa siku, kama walivyo wengi wenye aina ya kwanza, anahitaji kupima angalau mara nne, yaani kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, kwa kuwa dozi anayochoma inategemea namba anayoiona. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993, uliowafuatilia wagonjwa 1,441 wa aina ya kwanza, uliwapimisha hivyo wale waliopewa matibabu ya karibu, na wale kati yao walioanza bila madhara ya macho walipunguziwa hatari ya kuyapata kwa asilimia 76. Mwenye aina ya pili anayetumia metformini pekee na ambaye hali yake imetulia hana sababu ya kujitoboa kila siku, ila hupima kwa siku chache mfululizo dawa inapobadilishwa au kabla ya kwenda kliniki. Mjamzito hupima asubuhi na baada ya kila mlo, kwa viwango vikali zaidi, na mgonjwa wa insulini aliyeshikwa na homa au kutapika hupima kila baada ya saa chache hata kama hali chakula.

Ipo saa moja isiyosubiri ratiba, nayo ni ile ya kutetemeka, kutokwa na jasho jembamba, njaa ya ghafla au kuchanganyikiwa, hasa kwa watumiaji wa insulini au vidonge vya glibenklamidi. Sukari iliyo chini ya 3.9 hutibiwa papo hapo kwa gramu 15 hivi za sukari, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai ndani ya maji, kisha hupimwa tena baada ya dakika 15. Dereva wa bodaboda anayechoma insulini anapaswa kupima kabla ya kuwasha pikipiki, kwa usalama wake na wa abiria wake.

Katika mwezi wa Ramadhani baadhi ya wagonjwa huacha kupima mchana wakihofia kufungua, ilhali wanazuoni wengi wanakubaliana kuwa tone la damu ya kidole haliharibu saumu. Anayefunga kwa ruhusa ya daktari hupima kabla ya daku, asubuhi, adhuhuri, alasiri, kabla ya futari na saa mbili baada yake, na mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari unamtaka afungue mara moja ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.7.

Namba yenyewe huharibiwa na vitu vidogo. Kidole kilichomenya embe kikapimwa bila kuoshwa kwa sabuni na kukaushwa hutoa sukari ya embe, wala si ya damu, na stripu zilizoachwa wazi kwenye joto na unyevu wa pwani hudanganya vilevile. Upande wa ncha ya kidole huuma kidogo kuliko katikati yake.

Kipimo cha HbA1c, kinachoitwa na wengi kipimo cha miezi mitatu, huonyesha glukosi iliyoganda kwenye himoglobini ya chembe nyekundu, ambazo huishi siku 120 hivi, na hufanywa angalau mara mbili kwa mwaka. Kwa mwenye selimundu, ambaye chembe zake hufa mapema, au aliyeongezewa damu karibuni, jibu lake haliaminiki, na daktari analazimika kutegemea daftari la vipimo vya kidole lenye tarehe, saa na mlo ulioliwa.